Utumbo Kipofu

Saa kumi na moja alfajiri, machinjioni Goma,
naitwa kwa jina la kazi: Mama Matumbo.
Kavugho limebaki kwenye kadi ya kura.
Kondoo wa Masisi ameshapasuliwa. Nyama imepanda pikipiki,
ngozi ina mwenyewe, kichwa kina mwenyewe.
Changu ni beseni la buluu
na utumbo unaofuka mvuke
kama Nyiragongo siku isiyo na mawingu.

Nafinya kwa dole gumba. Mwembamba hauna kitu,
maji ya kijani tu, umeshatozwa ushuru wote.
Halafu, baada ya kona, mfuko uliozibwa mwisho,
pa kuingilia ndipo pa kutokea.
Sisi tunauita kipofu.
Una joto hata mnyama akishapoa.

Binti yangu Masika anasomea mifugo.
Aliuchana kwa wembe wangu, akasema:
Mama, humu mna watu.
Tone moja ni mji mzima.
Nyasi iliyowashinda wa tumbo la mbele, hawa wanaivunja,
wanatoa siki, ukuta unainywa,
kondoo anapata kidogo cha kutembelea.

Na miili yao wenyewe? Si nayo ni chakula?

Akafuta wembe kwenye gauni.
Wa mbele wakifa hupita utumbo mwembamba,
huko huyeyushwa, huwa msuli, huwa manyoya.
Wa huku nyuma wamezaliwa soko limefungwa.
Mlango wa kuwapokea uko juu,
na mto haupandi mlima.
Sungura hugeuza shingo, akala tena kilichotoka.
Kondoo hageuki.

Nikanyamaza, maji yakapoa mikononi.
Nilikumbuka foleni ya unga, mwaka ule wa kukimbia,
jetoni zimekwisha watu sita mbele yangu,
na mimi siku hiyo nilikuwa nimebeba mawe ya kujengea ghala lao.

Mavi siyatupi ziwani.
Naomba chukudu ya Bauma, gunia mbili hadi Ndosho,
nayamwaga nyuma ya nyumba, juu ya lava
iliyopita hapo ikala jiko la mwenye kiwanja wa zamani.
Msimu wa tatu huu. Jiwe limeanza kushika maji.
Maharage yamepanda hadi dirishani.

Masika anataka kupima: kilichotoka wapi, kimeingia wapi,
gramu ngapi.
Nikamwambia pima,
ila kwanza lete chumvi, sufuria inachemka.