Upande wa Buluu

Jiwe hili lilichimbwa bonde la Salm,
kule Ardeni, ambako mvua hainyimi hata harusi.
Juu ni manjano, kama siagi iliyosahauliwa mezani;
chini ni buluu iliyoiva, karibu na zambarau.
Mawe mawili yaliyozaliwa yamegandana,
wachimbaji hawakuthubutu kuyatenganisha.

Mjomba Désiré alilificha ndani ya buti
siku machimbo yalipofungwa.
Ndicho kiinua mgongo pekee alichopata.
Akampa mama.

Wiki ya tatu tangu tumzike
dada yangu Ghislaine alikuja na kinoleo cha magurudumu,
cha plastiki nyekundu: buruta kisu mara tatu, basi.
Akaburuta. Kisu kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia,
mezani pakabaki unga wa chuma.
"Umeona? Kinakata."
Kweli, kilikata nyanya.
Kesho yake hakikukata hata kiu.

Nikalitoa jiwe kwenye droo, ndani ya soksi ya baba.
Halitaki mafuta, halitaki kulazwa ndooni;
matone machache tu, kama mtoto anayebatizwa.
Nikainua mgongo wa kisu kimo cha sarafu mbili,
nikasukuma.
Shii, ikaja sauti,
kisha katikati ikapotea.
Kisu kilikuwa kinaelea.

Nikasimamisha rula juu yake. Mwanga ukapita chini.
Jiwe lina bonde.

Kila anoaye anajua: kinoo kikibonyea, kisawazishwe.
Mchanga juu ya kigae, maji, duara kwa duara,
mpaka mistari ya penseli ifutike yote.
Nikachora mistari. Nikamwaga mchanga.
Ndipo nikaona bonde lenyewe lilivyolala:
limeteremka mshazari, pembe hii hadi ile,
kinyume na mkono wangu.
Nikajaribu tena kwa kulia; kisu kikakataa.
Nikakihamishia kushoto,
kikatua kama kisigino ndani ya kiatu cha kila siku.

Mama yangu, Alphonsine, aliandika kwa mkono wa kulia.
Alikula kwa kulia, akatuchapa kwa kulia.
Miaka hamsini alimenya viazi mbele yetu kwa kulia,
polepole, akijikata,
nasi tukiucheka mkate wake,
kila kipande kinene juu, chembamba chini.
Mama, kisu chako kimelewa!
Mara moja tu alisema kwamba masista wa shule
walikuwa na utepe mweusi
wa kufungia mkono nyuma ya kiti.
Hakusema mkono gani.
Tulikuwa tunasubiri supu.

Kumbe alikuwa akinoa usiku, tumelala,
mlango wa jikoni umerudishwa,
shii, shii,
mkono wa kushoto ukitoka kifungoni
dakika kumi,
ukirudi.

Nikaupangusa mchanga kwa kiganja.
"Si umesema lisawazishwe?" akauliza Ghislaine.
Nikamwonyesha bonde. Nikamshika mkono wa kushoto,
nikakipitisha kidole chake humo, juu hadi chini.
Hakuuliza tena.
Nikaligeuza jiwe.

Upande wa buluu ulikuwa haujaguswa;
bado una mikwaruzo ya msumeno wa machimboni.
Ni mzito wa kujibu: wataka mara mia
pale wa manjano ungetaka ishirini.
Nikanoa. Tope la zambarau likapanda hadi kwenye kucha.
Chai ikapoa. Nikapapasa makali kwa kidole gumba,
kwa kuyavuka, si kwa kuyafuata,
hadi nikauhisi ule unyoya wa chuma upande wa pili;
nikageuza, nikaanza kuuondoa, taratibu,
pumzi moja kwa msukumo mmoja,
hadi kidole hakikukwama popote.

Ghislaine akakichukua kisu mkononi mwangu
akakata mkate.

Kipande kikatoka kimenyooka.
Tukakitazama pale ubaoni, sote wawili.
Hakuna aliyekipaka siagi.