Mwenye Akaunti

Kioko wa waya mwekundu alibisha Jumamosi,
fulana ya kumetameta imemfika magotini,
karatasi kazikumbatia kama mhubiri mgeni mtaani.
"Dada, kasi ishirini, elfu mbili na mia tano.
Kufungiwa bure. Ruta tunakuazima."
Kabla hajafika lango akapishana ngazini
na msichana wa waya wa kijani,
ambaye kasi yake ni ile ile, ila ya uhakika.

Nikachora mistari nyuma ya risiti ya unga:
huku bei, huku kasi, huku majirani wasemavyo.
Nambari kumi na mbili: mvua ikinyesha, mwekundu hulala.
Nambari tano: wa kijani hawapokei simu Jumapili.
Mutinda mlinzi hakuulizwa, akajibu:
"Ploti hii ni mwekundu tu."
Macho yakamkwepa, nikajua
kuna mtu humnywesha chai.

Nyamweya ndugu yangu anataka mpira usiokwama
mshambuliaji akiwa mguu hewani.
Mimi nanakili mikutano ya watu wa mbali,
nalipwa kwa dakika; intaneti ikikatika
na unga nao umekatika.

Hakuna aliyeutaja ungo wa paani.

Mama alikuwa na nyungo mbili,
mmoja wa kupepetea wimbi,
mmoja wa kudaka tamthilia.
Saa mbili na nusu usiku usimsemeshe.
Yule mama mkwe wa kwenye runinga
alimtukana kwa Ekegusii, kwa jina,
kama mtu aliyemkopa akahama.
Upepo wa Agosti ukiugeuza ungo
alipanda mwenyewe Umoja nzima ikimwona,
ufagio mkononi, leso kaifunga kiunoni,
sisi dirishani tukipaza sauti:
Bado! Bado! Hapo! Umepita, rudi!

Jumatatu nikapiga simu kuifunga ile ya zamani.
Muziki, dakika kumi na moja. Kisha sauti changa:
"Naomba nizungumze na mwenye akaunti."
Nikasema hayupo.
"Atarudi saa ngapi?"
Nikaitazama kadi. Nikautazama ukuta.
"Basi tutapiga akirudi."
Nyamweya akaninyang'anya simu, akalitamka
lile neno ambalo tangu Machi
nalizunguka kama dimbwi la Mtindwa.
Kijana akanyamaza. Nyuma yake nikasikia
ofisi nzima ikiwaomba watu nambari za kadi.
"Poleni sana," akasema.
Halafu, kwa aibu: "Cheti mtaleta nakala mbili."

Tukachukua mwekundu.
Risiti yangu ya mistari sijui iliishia wapi.
Fundi wao alifika siku aliyosema, basi.
Wafubwa jina lake; akatoboa ukuta juu ya kabati,
vumbi likatua kwenye vitambaa alivyovifuma Mama.
Taa nne zikawaka, ya tano ikapepesa, ikakubali.
"Na ule ungo niuteremshe? Mia tano tu."
Nikasema auache.
Nyamweya akauliza, wa nini?
Nikasema njiwa wameuzoea.

Wiki ya tatu ujumbe ukaingia, simu yake, drooni:
Mpendwa BOSIBORI, umepotea!
Lipia leo ufurahie siku saba za bure.
Nambari hiyo haipokei majibu.
Nilijaribu.

Kuna jambo Kioko hakuliandika kwenye karatasi zake.
Kwa ungo wa Mama, goli lilitufikia mapema;
tulishangilia sisi kwanza, mtaa ukatufuata.
Waya huu una kasi, lakini picha yake huja nyuma.
Ghorofa ya juu bado wana ungo.
Juzi walipiga mayowe, viti vikaburutwa,
na kwetu kipa alikuwa bado anaupanga ukuta wake,
mpira umetulia kwenye nyasi.
Nyamweya akanikazia macho: usiseme.
Tukakaa hivyo, nusu dakika nzima,
ndani ya mechi ambayo kwetu
lilikuwa bado halijatokea lolote.