Hesabu ya Matundu

Mwaka wa tatu huu nahesabu matundu ya kaa
huku Mikindani, chini ya mabomba ya maji taka.
Nina fremu ya mbao, mita kwa mita.
Naitupa topeni, nainama, naanza:
moja, mbili, tatu,
hilo la nne limeziba, halina mwenyewe.
Nalipwa kwa siku. Kiasi sikitaji,
mama asije akasema heri ningefua nguo za watu.

Jana alikuja mtu na ramani ya ghala.
Viatu alivua, suruali akakunja mpaka magotini,
mtu wa adabu, sina la kumlaumu.
Akaniuliza: "Dada Mbodze,
hawa vijikaa hawaliwi, hawauzwi.
Kazi yao hasa ni nini?"

Ulimi ukanata.
Nikasema: "Wanachimba."
Akaandika: Wanachimba.

Usiku ndipo jibu likaja, limechelewa kama mgeni wa harusi.
Kaa akichimba, tope hupata pumzi;
tope likipata pumzi, mizizi hushika;
mizizi ikishika, kamba mchanga ana pa kujificha
mpaka akomae, aende zake kina kirefu,
anaswe, afikie karai la Nyamvula pale stendi,
apakwe pilipili, auzwe kwa fungu,
na Jumwa binti Nyamvula asirudishwe nyumbani kwa karo.
Hayo yote yamo ndani ya tundu
lisilotoshea kidole changu cha gumba.

Na miti je?
Mjini husema "mikoko", basi, neno moja,
kama mtu aseme "watu" akadhani ametaja majina.
Mlilana husimama mbele, miguu majini.
Mchu huchomoza vidole topeni, hupumua navyo.
Mkandaa umeficha rangi gomeni.
Mkoko wenyewe ndio boriti za dari uliyolala chini yake.
Muia. Mkomafi.
Na ule mfupi wa nyuma, karibu na nchi kavu,
ambao kila mara jina lanitoka, nikaona haya.

Mlilana hufungua maua giza likiingia.
Popo, hawa hawa tunaowarushia mawe kwa ajili ya mapera,
huenda kunywa, hutoka midomo myeupe
kama watoto walioiba unga wa maziwa,
na mti wa pili ukapata mimba.

Kikandaa! Ndiyo. Kikandaa.
Nililikumbuka saa nane usiku, nikacheka peke yangu.

Sikumwambia yule bwana habari ya ule mwaka wa fulana.
Tulivishwa fulana za kijani, tukapigwa picha,
tukapanda miche elfu mbili, mkoko mtupu,
kwa kuwa mche wake ni mrefu na huchomekeka upesi.
Safu kwa safu, kama gwaride,
mbele kabisa, pale mlilana ulipokatwa.
Mwezi wa tano tuliporudi palikuwa na vijiti.
Wimbi moja, kosa moja, wote pamoja.
Fulana ningali nayo. Nasugulia sufuria.

Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliingia
nyumba za upande ule uliokatwa.
Upande huu wenye fujo, wenye kila mti na jirani yake,
maji yalifika mlangoni pa mama, yakasimama,
yakaacha jani na kombe tupu, yakarudi.
Mama alifagia. Hakuuliza kwa nini.

Leo yule bwana ameniachia fomu.
Safu ya mwisho imeandikwa FAIDA,
kisanduku chake nusu ya ukucha.
Nimeandika "Jumwa", nimefuta,
nimeandika "mlango wa mama", haukutosha.

Nikaikunja, nikaitia kifuani, nikatupa fremu.
Moja. Mbili.
Kwenye la tatu alitoka dume, mwekundu upande mmoja,
akaliinua gando lake kubwa juu, juu zaidi,
kama mtoto wa nyuma darasani
anayelijua jibu
na hakuna amwulizaye.