Mwisho wa Waya

Kemijärvi, saa nane usiku, theluji hadi magotini.
Kiwanda cha mbao kimenyamaza
kwa kuwa mita ya unyevu, kule tanuri la tisa,
inasema kila jambo mara mbili.

Irmeli amevua glavu moja tu.
Oskiloskopu ameiegemeza kwenye rundo la misonobari.
"Kilima hiki ni sauti yako.
Kichuguu hiki nyuma yake
ni sauti yako ikirudi. Haikukuta mtu."

Waya hauna kosa. Nimeukagua wote,
mita mia nne, kiungo kwa kiungo.
Ishara ilikwenda kama ilivyotumwa,
ikafika ukingoni, ikakuta uwazi,
ikageuka na habari yake mkononi
ikagongana njiani na iliyofuata.

Anachakura mfukoni, katikati ya pipi za lami,
anatoa kikinza, saizi ya punje ya mchele:
kahawia, nyekundu, kahawia.
Omu mia na ishirini, sawasawa na waya.
"Wengi hudhani ni kizuizi," asema,
akikaza skrubu kwa ukucha uliopasuka.

Kichuguu kikazama.
Misumeno ikaanza kupiga kelele, nasi tukaenda kunywa kahawa.

Alfajiri Eemeli akapiga simu kutoka Oulu:
ameacha chuo, tangu Oktoba.
Jibu nilikuwa nalo, la siku zote,
lile linalomrudia usoni kabla hajamaliza.

Nikatia kidole mfukoni, hamna kitu.
Nikasema, "Endelea."