Mshono Shingoni

Budapesti, 1912

Kazi yangu ilikuwa kusamehe.
Chunusi, makunyanzi, kidevu cha pili,
nilivifuta kwa penseli iliyochongwa kama sindano
juu ya bamba la kioo, ambako cheupe ni cheusi
na kikongwe mwenye mvi ana nywele za mkaa.

Studio ya Bwana Bánfalvi ilikuwa ghorofa ya tano,
chini ya paa la vioo lililotazama kaskazini.
Theluji ikianguka tulipanda juu na ufagio:
bila mwanga, hakuna chakula.
Wateja walifika wakihema.
Vizuri, alisema Bwana, uso unaohema una damu.

Alhamisi moja ya Februari
akaja Bibi Tarnóczy, mke wa mwenye viwanda vya sukari,
na gauni la hariri, wekundu wa divai,
rangi ambayo kamera haiijui, huiita nyeusi tu.
Jarida la mitindo lilitaka picha Jumatatu.

Sekunde nne hakuziweza.
Tulimwegemeza kisogo kwenye kile chuma cha zamani;
akapiga chafya, akacheka, akauliza saa.
Mabamba sita, na katika yote sita kiwiliwili ni moshi.
Uso mmoja tu ulitulia, kwa bahati.
Akaondoka. Gari lilikuwa linamngoja.

"Yuko wapi," akauliza Bwana, "yule aliyelileta gauni?"

Alikuwa kwenye ngazi, anakula mkate na kitunguu,
Rozália Csepregi, pini bado zimechomekwa kwenye ukosi.
Gauni lilimkaa kana kwamba limemwagwa juu yake:
Bibi hakuwa na nafasi ya kuja kupimwa,
kwa hiyo wiki tatu, usiku,
lilipimwa kwenye mwili uliokuwepo.
Akasimama. Sekunde nne. Nane.
Ungeweza kuhesabu mpaka ishirini.
Aliyezoea kuinama chini ya taa hadi alfajiri
hafundishwi kutulia.

Usiku ule nikaunganisha.
Kichwa cha yule, mwili wa huyu.
Nilikata kwa wembe chini ya taya,
na kiungo nikakificha kwa mkufu wa lulu,
lulu thelathini na moja, nimezichora moja moja,
hakuna shingo duniani iliyowahi kuzivaa.
Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri.
Mwili wa kuazima, je?

Nikafika vidoleni.
Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa na matundu,
ngozi imechakaa kama pindo lililofumuliwa mara nyingi.
Penseli ninayo mkononi, Bwana amelala.
Kidole kile nikakiruka.
Sitasema ilikuwa haki.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na macho yaliniuma.

Jarida likatoka Aprili.
Bibi akaagiza nakala hamsini.
"Hatimaye," aliandika, "mtu amenipiga kama nilivyo."

Rozália alikuja Jumamosi, jarida amelikunja ndani ya aproni.
Akalifungua mezani pangu,
akaweka kidole juu ya kidole
kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili.
"Kuanzia hapa kwenda chini," alisema, "ni mimi."
Hakupaza sauti. Alitaka picha moja tu, nzima,
ya kumpelekea mama yake Szeged.
"Anadhani sili."

Nikapekua kabati zima.
Kioo ni ghali. Bwana alikwisha kulikwangua lile bamba,
akaliosha, akalipaka upya;
sasa mna mtoto wa daktari, suti ya baharia,
amepanda farasi wa mbao.

Nilipomwambia, alinyamaza kidogo.
Kisha akachukua mkasi wangu
na kuifuata shingo, lulu kwa lulu,
mle mle nilimopita mimi na wembe,
bila kutafuta njia,
kana kwamba mshono ule aliushona yeye.
Mwili akaukunja mara mbili, akautia kifuani.

Kichwa kikabaki mezani, kinatabasamu.
Niliitumia karatasi ile, hadi ilipokwisha,
kupangusia ncha ya penseli.