Jumapili ya Mshahara, Entebbe

Tulipanga miezi mitatu.
Mara mvua, mara surua ya Zaituna,
mara pesa zenyewe zikaenda kwa fundi wa paa.
Leo Rajab katoka lindo saa kumi na mbili asubuhi,
hakuvua hata buti za kazi.
"Twende kabla sijakaa," akasema,
"nikikaa, basi."

Langoni tukahesabiwa kama mbuzi:
mmoja, wawili, na huyu wa mgongoni.
"Wa mgongoni halipiwi," akasema karani,
nami nikamshukuru mtoto
kwa kutokuwa na haraka ya kukua.

Zaituna ana miaka saba, anasoma kila kibao
kwa sauti ya mwalimu wake, kidole hewani:
Usimlishe. Usimrushie kitu. Usiegemee.
Sebit ana minne. Hasomi, hasemi, hasalimii mtu.
Mashangazi wa Bombo walishalalamika:
mtoto gani huyu, ukimpa mkono
anautazama kana kwamba unamdai?

Twiga alikuwa na shughuli zake huko juu.
Kifaru alikuwa ukuta,
kisha ukuta ukapumua.
Chatu hatukumwona, tuliona mpira wa kumwagilia
umekunjwa pembeni, tukabishana sana,
mpaka mpira ukatoa ulimi.

Simba amelala.
Chali, tumbo wazi, makucha yakining'inia
kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.
Rajab akakaa kwenye benchi mkabala naye.
Nilimwona akikaa, nikajua: basi.
Kofia ikashuka, kidevu kikafuata.
Zaituna akasimama katikati,
akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.
"Mama, nani anamlinda nani?"
Hapakuwa na kibao cha kumjibu.

Nikawaacha wakoromeane.

Tumbili hana tundu, hana kibao.
Alishuka mtini kama mtoza ushuru wa sokoni,
akachukua chapati ya mayai mkononi mwangu,
akaifungua, akatoa nyanya, akazitupa,
akala iliyobaki akinitazama usoni.
Sebit alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.
Elfu tatu zangu zilikwenda hivyo,
na sijutii hata mia.

Karibu na ziwa, kwenye matete,
alisimama ndege wa kijivu, mrefu kumpita Sebit,
mdomo mpana kama mtalawanda.
Bwana Okwera, mwenye ndoo ya samaki, akatuambia:
"Huyu haendewi bila adabu. Mwinamieni kwanza."
Zaituna akainama chapuchapu.
Ndege akatazama maji.
"Umeinama kama anayeokota sarafu," akasema Okwera.

Ndipo Sebit akaiachia sketi yangu.
Akapiga hatua mbili.
Akainama polepole, na kwikwi zake,
kofia ikaanguka, hakuiokota,
akabaki huko chini, mgongo umelala kama meza,
hadi mimi mwenyewe nikaona haya kusimama wima.

Ndege akageuza jicho moja la manjano.
Akatikisa kichwa kushoto, kulia,
akashusha shingo yote mpaka majanini,
na mdomo ukagonga:
kakakakaka,
mvua ya mawe juu ya bati.

"Salamu imefika," akasema Okwera, akaendelea na ndoo yake.

Tangu hapo hatukutembea tena, tuliinama.
Kwa muuza karanga. Kwa pipa la taka.
Kwa watawa wawili, nao wakajibu.
Tulipofika kwenye benchi Sebit akamwinamia baba yake.
Rajab akashtuka, mkono ukatafuta rungu
ambalo halikuwapo,
akakuta mbele yake kisogo kidogo chenye vumbi.
Hakuuliza.
Alisimama, akaweka kofia sawa, akabana visigino,
akainama mpaka vifungo vikalalamika.
Nyuma yake simba akajigeuza ubavu.

Wa mgongoni hakuona kitu, kalala kutwa nzima.
Mwakani atalipiwa.