Penseli ya Halszka

Alhamisi, ghorofa ya tatu, mtaa wa Gdańska, Łódź.
Theluji inayeyuka viatuni mwetu mlangoni
na Bogna keshakata keki ya jibini
kabla hata hatujaketi:
mdomo wenye kazi, asema, hauropoki.

Riwaya ina kurasa mia tano na ushei.
Jagoda kaisomea kwenye tramu, akapitiliza vituo viwili.
Ryszarda kaanzia mwisho, ndiyo desturi yake:
"Nataka nijue nani anakufa
nisije nikampenda bure."
Mimi niliishia sura ya nne,
ila nimekuja na maoni ya kitabu kizima.
Usinicheke. Nawe umewahi.

Kitabu alikichagua Halszka, mwaka jana.
Kiti chake hatukukiondoa.
Leo kaja kukikalia mumewe, Zenon,
fundi lifti mstaafu,
aliyetuita miaka yote hiyo "bunge la chai".
Nakala ya mkewe kaikumbatia
kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Tukaanza. Bogna akasema,
yule mama alipouza piano, yeye alilia.
Zenon akavaa miwani, akafunua,
akasoma pambizoni, maandishi ya penseli:
"Hapa Bogna atasema alilia. Mwongo."

Kimya.
Kisha Bogna akacheka hadi akashika meza,
akacheka hadi akalia kweli.

Endelea, tukamwambia, endelea!
Ukurasa wa tisini:
"Ryszarda anamjua mwizi tangu Jumatatu."
Wa mia na kumi:
"Mvivu wetu huku hajafika."
Wakanigeukia wote. Nikajaza mdomo keki.

Tukabishana naye kama yupo,
tukamkatiza, akatujibu,
birika likachemka mara ya tatu hakuna aliyeinuka.

Penseli inakomea mia mbili na kumi na mbili.
"Huyu bwana harudi, na hata akirudi"
basi, hakuna nukta.
Februari ile. Hatukuuliza.

Zenon akakiweka kitabu mezani, akaomba sukari.
Kikajifunua chenyewe, na mimi, mvivu,
nikauona ukurasa unaofuata:
wino wa buluu, herufi za fundi,
kubwa, wima kama vidato vya ngazi,

"Unamwonea, Halszka.
Msubiri hadi sura ya ishirini."